Darubini ya kidijitali ya usiku kwa koyote: ninunue ipi na nianzie wapi? (Texas)

MbuziWaAbilene:

Salaam wakuu, poleni na majukumu.

Niko nje kidogo ya Abilene, Texas. Nina ekari 30 na mbuzi 42, wengi chotara wa Boer. Tangu majike waanze kuzaa nimepoteza vitoto saba ndani ya wiki tatu. Juzi asubuhi nilikuta ukwato mmoja na kipande cha ngozi, basi. Mama yake alikuwa amesimama palepale analia, na hakutaka kuondoka hata nilipomwaga chakula.

Usiku nawasikia koyote, hawa mbwa mwitu wadogo wa Amerika, upande wa korongo. Wanaanza wawili, baada ya dakika moja utadhani ni ishirini. Nikiwamulika kwa tochi kali wanatoweka.

Nina bunduki ya .223 ya boliti yenye darubini ya kawaida ya mchana. Mtandaoni nimeona hizi darubini za kidijitali za usiku. Bajeti yangu ni dola 700. Je, zinatosha? Koyote haoni taa ya darubini? Na sheria ya Texas inasemaje kuhusu kuwinda usiku? Nina green card. Nimekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, sijawahi kuwinda usiku maisha yangu yote, kwa hiyo msinifiche kitu hata kama kwenu ni kidogo.

Mama Zizi:

Pole sana kaka. Mimi nafanya kazi kwa daktari wa mifugo huku Amarillo, mizoga ya namna hiyo tunaletewa kila msimu wa kuzaa.

Kabla hujatoa hata dola moja, hakikisha kwanza nani anaua. Ukipata mzoga ambao haujaliwa wote, vaa glavu, uchune shingoni na chini ya taya. Koyote hukaba koo. Utaona matundu ya meno na chini ya ngozi damu imevilia, nyekundu iliyokolea. Ukiona matundu lakini ndani hakuna damu iliyovilia, kitoto kilikuwa kimeshakufa, koyote alikuja kula tu. Mbwa wa mitaani naye anang'ata ovyo, miguu, masikio, makalio, anajeruhi watano na kuwaacha hai.

Halafu kuna tai weusi. Hawa wanadonoa macho, ulimi na kitovu cha kitoto kinachozaliwa, tena mchana kweupe. Wanalindwa na sheria ya shirikisho, usiwapige risasi. Kama ni wao, darubini ya usiku haitakusaidia chochote, kinachosaidia ni kuzalishia karibu na nyumba.

Mgogo wa San Angelo:

Mdogo wangu, pole kwa hasara. Dada hapo juu amesema jambo la kwanza, lifanye kabla ya haya yangu.

Mimi niko upande wa San Angelo, mwaka wa kumi na moja sasa kwenye ranchi ya mbuzi na kondoo. Nimezaliwa Kongwa. Nilianza kulala zizini na tochi nikiwa darasa la tatu kwa sababu ya fisi, kwa hiyo huyo jike aliyesimama analia namjua.

Nianze na sheria maana ni fupi. Texas koyote hana msimu, na kwenye ardhi binafsi unaruhusiwa kumwinda usiku, kwa taa au darubini ya usiku, ilimradi mwenye ardhi ameridhia. Leseni ya uwindaji inahitajika, isipokuwa pale koyote anaposhambulia mifugo yako au ametoka kuishambulia. Mimi nakushauri ukate tu, na usome kozi ya usalama wa wawindaji, ambayo ni lazima kwa kila aliyezaliwa kuanzia tarehe 2 Septemba 1971. Kwa green card huna tatizo la kumiliki bunduki. Usipige risasi kutoka barabara ya umma. Na kabla ya kutoka usiku mpigie askari wa wanyamapori wa kaunti yako, umwambie uko wapi na unafanya nini. Hulazimishwi, lakini jirani akisikia mlio saa saba usiku akapiga simu, ni vizuri askari awe anajua tayari. Majimbo mengine yana sheria tofauti kabisa, kwa hiyo msomaji aliye nje ya Texas asichukue haya yangu.

Sasa darubini yenyewe. Ya kidijitali ni kamera. Mbele lenzi, nyuma skrini ndogo unayoiwekea jicho. Gizani inamulika kwa tochi ya infraredi, mwanga ambao jicho la mtu haliuoni lakini kamera inauona. Maana yake ni kwamba unaona pale tu tochi yako inapofika. Baada ya hapo ni ukuta mweusi. Jirani anaweza kuwa na nyumba yadi 400 mbele yako na wewe ukaona giza tupu, na risasi ya .223 inafika huko na kupita.

Nikueleze kilichonipata mwaka wangu wa pili.

Nilikuwa nimekaa nyuma ya pikapu, spika ya kuitia nimeiweka yadi 60 mbele, inalia kama sungura aliyekamatwa. Macho mawili yakatokea kwenye mathenge. (Huku wanaiita mesquite. Ni mti wa miiba, ndugu wa mathenge ile ya Baringo, Kenya.) Yadi kama 120. Yanang'aa meupe kwenye skrini, yanasogea, yanasimama, yanasogea tena. Mwili nauona wa kijivu cheupe kati ya matawi. Kufuli ya usalama nimeshaitoa, kidole kimeshagusa kifyatulio, pumzi nimeibana. Yule mnyama akageuka ubavu, na mkia ukapanda, ukajikunja juu ya mgongo kama ndoano.

Koyote habebi mkia hivyo. Akikimbia mkia wake unaning'inia chini. Yule alikuwa mbwa mlinzi wa jirani, Great Pyrenees, kapita chini ya waya akafuata sauti ileile niliyopiga mimi. Kwake ile ilikuwa sauti ya mnyama anayeumizwa, na kazi yake ni kwenda kuona.

Nilishusha bunduki mikono ikitetemeka, nikazima kila kitu, nikarudi nyumbani. Asubuhi nilimfuata jirani nikamwambia. Hakunifokea. Alikaa kimya, akaniambia yule mbwa amelinda mbuzi wake miaka sita.

Tangu siku ile sipigi macho. Macho ya koyote, mbwa, ndama, swala wa huku, hata mbuzi wako mwenyewe, yote yanang'aa kwenye infraredi. Nasubiri nione masikio, mdomo, mgongo na mkia. Asipojionyesha mzima, anaondoka zake.

Na rangi usiiamini hata kidogo. Infraredi inageuza rangi. Majani mabichi yanakuwa meupe kama theluji, koti langu jeusi linaonekana la kijivu. Siku naipiga ziro darubini yangu, yaani kuirekebisha ili risasi iende pale ninapolenga, nilichora duara kwa kalamu nyeusi kwenye karatasi nyeupe, mchana nikapiga vizuri. Usiku nilipowasha infraredi duara halipo! Karatasi nyeupe tupu. Wino ule infraredi inaupita tu. Nilibandika vipande vya utepe mweusi wa umeme, hivyo vikaonekana. Kwa hiyo usiseme "nimeona wa kijivu, ni koyote". Mbwa mweupe na koyote wa kijivu kwenye skrini wanakaribiana sana.

Ndiyo maana nasema usimalize dola 700 kwenye darubini ya bunduki. Tafuta ya dola 450 au 500, inayobaki nunua darubini ndogo ya mkononi ya kutafutia, hata iliyotumika. Ukitafuta wanyama kwa darubini iliyo juu ya bunduki, maana yake unaelekeza mtutu kwa kila kitu usichokijua: ng'ombe, mbwa, mtoto wa jirani aliyetoka kuzima pampu. Mkononi unatafuta. Bunduki inanyanyuliwa ukishajua.

Mchana zunguka shamba lako na utepe unaoakisi mwanga, ule wa mabango ya barabarani. Bandika kwenye nguzo za uzio kila upande wenye nyumba, barabara au zizi. Usiku infraredi ikiugusa utepe unawaka kama balbu. Kwangu nguzo inayowaka nyuma ya mnyama maana yake sipigi, hata awe koyote mwenye kitoto mdomoni. Chagua pa kukaa ili risasi ielekee chini, kwenye udongo, ikiwezekana uwe juu kidogo.

Kama una mbwa mlinzi, au jirani anaye, mvalisheni kola ya utepe huo, pana. Pyrenees ana manyoya mengi shingoni, kola nyembamba inazama haionekani. Mimi nilimshonea yule mbwa wa jirani kizibao cha kifuani na mgongoni.

MbuziWaAbilene:

Shikamoo mzee. Nimesoma mara mbili, na hapo kwa mbwa nimesimama, kwa sababu jirani yangu wa mashariki ana Anatolian wawili na mimi sikuwafikiria kabisa.

Mama Zizi, jana nilipata kitoto kimeliwa tumbo tu. Nilichuna shingo kama ulivyosema. Matundu manne chini ya taya na damu imevilia. Ni koyote.

Mzee, naona kuna 850 na kuna 940 kwenye hizo tochi za infraredi. Nichukue ipi? Na kijana wa dukani ananisukuma niende kwenye darubini ya joto, anasema ya kidijitali ni ya kizamani.

Mgogo wa San Angelo:

Marahaba.

Hizo ni nanomita, urefu wa wimbi la mwanga. Ya 850 inafika mbali, lakini ukisimama mbele yake utaona kidoti chekundu hafifu kama kaa la sigara. Ya 940 haionekani kabisa, ila kamera inaiona kwa shida, kwa hiyo umbali unapungua sana. Mimi natumia 850. Koyote aliyewahi kupigwa kwa taa anaweza kukishtukia kile kidoti, wengi hawajali. Wanachokishtukia zaidi ni harufu yako. Koyote akiitwa anazunguka ili apate upepo unaotoka kwenye ile sauti, kwa hiyo kaa mahali ambapo akizunguka atapita mbele yako kabla hajakunusa. Kingine ni mwanga wa skrini. Ukitoa jicho kwenye darubini, uso wako unamulikwa kama mtu anayesoma simu kitandani. Punguza mwanga wa skrini hadi mwisho, na ule mpira wa jicho usiuondoe.

Darubini ya joto ni nzuri, sikatai. Inaona joto la mwili, haihitaji tochi, na mnyama kwenye majani makavu yadi 300 anajitokeza mara moja. Lakini ya bei nafuu inakuonyesha doa jeupe lenye miguu. Kwa yadi 150 kumtenga koyote na mbwa kwa doa ni kazi. Ya kidijitali, ikiwa na mwanga wa kutosha, inakuonyesha masikio na mkia. Pesa ikipatikana baadaye, nunua ya joto ya mkononi ya kutafutia, hii ya kidijitali ibaki kwenye bunduki. Siku hizi watu wengi huku ndivyo walivyo.

Kingine, usiku wa kwanza watu wengi hudhani wameuziwa kibovu, kwa sababu skrini nzima inakuwa nyeupe. Ni jani au waya wa uzio ulio mita mbili mbele ya tochi: unarudisha mwanga wote machoni na nyuma yake huoni kitu. Nyanyua bunduki ipite juu ya majani kwa stendi ya miguu mitatu, na tochi ukaze mwale uwe mwembamba. Ukungu na vumbi hufanya hivyohivyo, usiku wa vumbi kalale tu.

Zumu usiiamini sana. Kwenye hizi ni kukuza picha, si kukuza mnyama. Ukivuta mara 16 unaona vipande vya mraba. Baki kwenye ile ya chini kabisa na umwache asogee mpaka yadi 100. Ukigeuza bunduki haraka gizani picha inavutika kama rangi mbichi, usifyatue mpaka itulie.

Betri: baridi inaziua. Beba za akiba mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili. Mengi ya haya madude yanakubali pawabanki pia.

Ziro piga mchana yadi 100, kwa risasi zilezile utakazotumia. Halafu rudia usiku kwa ule utepe mweusi. Ya kidijitali haiharibiwi na mwanga wa mchana kama zile za zamani zenye mrija, kwa hiyo ukishaifunga iache hapohapo mchana na usiku. Ukiifungua na kuifunga tena, ziro unaanza upya.

Olkejuado:

Mzee wa San Angelo, heshima yako. Niko Dallas, baba yuko Kajiado na fisi wanammalizia kondoo. Nikienda Desemba naweza kumbebea moja kwenye begi?

Mgogo wa San Angelo:

Hapana kijana wangu, usijaribu. Darubini za bunduki zinadhibitiwa na sheria za Marekani za kusafirisha bidhaa nje, za usiku ndiyo kabisa, na kukosa kibali ni kesi ya shirikisho. Huko Kenya nako uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977. Baba akipoteza kondoo apige ripoti KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, mapema, kabla ya mzoga kuharibika, maana sheria ya wanyamapori ya 2013 ina kipengele cha fidia.

Kwa pesa hiyo mjengee zizi la waya mzito, lenye mlango wa bati. Na zile taa za kuwakawaka alizobuni Richard Turere wa Kitengela akiwa mtoto, kwa ajili ya simba, ni jirani zenu pale, waulize watu waliozifunga wanaonaje kwa fisi.

MbuziWaAbilene:

Wakuu, narudi na taarifa kama nilivyoahidi kwa mzee kwenye ujumbe wa pembeni.

Nilinunua darubini ya dola 480 na ndogo ya mkononi iliyotumika, dola 110. Nilienda kwa jirani wa mashariki na mikanda miwili ya utepe. Tulikaa saa nzima tukawavalisha wale Anatolian, akanipa na namba yake ili nimtumie ujumbe kila usiku ninaotoka. Tulikuwa hatujawahi kuzungumza zaidi ya kupungiana mkono.

Usiku wa kwanza skrini ilikuwa nyeupe tupu. Lilikuwa jani la mathenge, kweli. Nilicheka peke yangu, nikapanda juu ya trela.

Usiku wa pili walikuja wawili, yadi kama 130. Niliwaona vizuri, masikio yamechongoka, mikia chini. Nyuma yao nguzo mbili zilikuwa zinawaka. Ni upande wa barabara ya kaunti. Nilisubiri watoke kwenye ule mstari. Hawakutoka, walizunguka, wakapata upepo, wakaenda. Mzee, ule usiku niliumia, kwa sababu nilijua wanaenda kurudi.

Asubuhi nilifuata nyayo kwenye vumbi nikakuta wanapopita. Kuna mahali maji ya mvua yalichimba chini ya waya, shimo la upana wa sufuria kubwa, manyoya yamenasa kwenye waya wa chini. Nililiziba kwa mawe na kipande cha wavu nikakilaza chini mpaka nje. Nilihamisha majike wenye vitoto wakawa wanalala kwenye banda dogo nyuma ya nyumba.

Usiku wa nne mmoja alikuja mwenyewe, yadi 90, nyuma yake ukingo wa korongo, udongo mtupu. Nilimtazama kwa ile ya mkononi mpaka akageuka ubavu mara mbili. Risasi moja. Dume, kilo 15 kwenye mizani yangu ya chakula, meno ya mbele yameisha. Nilivaa glavu na kumzika nilipozikia wale vitoto.

Leo ni usiku wa kumi na mmoja sijapoteza kitoto hata kimoja. Yule mwingine bado namsikia korongoni, sasa analia peke yake, kidogo tu halafu ananyamaza. Shimo la uzio naenda kulikagua kila asubuhi. Jana kulikuwa na nyayo mpya mbele ya mawe, ameparua, ameacha. Nimeshamtumia jirani ujumbe, upepo ukikaa hivi leo nitakuwa juu ya trela upande wa lango.